Mchele Mmoja, Mapishi Mbalimbali: Msafiri, Vyakula vya Mitaani Uthai na Suala la Asili

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mchele ni mmoja, mapishi ndiyo mbalimbali. Methali hii, tuliyoizoea tangu shule ya msingi, yapata maana pana zaidi inapofikishwa katika nchi ya Uthai, yaani Thailand kwa jina lake la kimataifa. Huko wali si sehemu ya mlo tu, bali ndio mlo wenyewe. Katika lugha ya Kithai, kula ni kin khao, yaani "kula wali", hata pale ambapo mlaji ameinamia bakuli la tambi. Nao Wathai wanapojuliana hali, aghalabu huulizana iwapo wameshakula wali.

Msafiri anayeizuru nchi hiyo, awe ametoka Ulaya au Nairobi, kwa kawaida hubeba hamu moja moyoni: kuonja chakula "halisi", "cha jadi", ambacho hakijatiwa doa na ugeni. Msimamo wa makala haya ni kwamba hamu hiyo ni njema, ila imeipotea njia. Asili ya chakula haitafutwi katika chimbuko la viambato vyake, kama ambavyo asili ya lugha haitafutwi katika chimbuko la msamiati wake. Hutafutwa katika sarufi: namna vitu vinavyoteuliwa, vinavyopangwa, vinavyoitwa na vinavyotumiwa na wenyewe. Sisi wana Kiswahili, ambao tumeandamwa kwa miaka mingi na swali la iwapo lugha yetu ni Kiarabu kilichovishwa viambishi vya Kibantu, ndio hasa tunaofaa kulielewa jambo hili kabla ya wengine.

Jina ni Mapishi

Tuanze na majina. Majina mengi ya vyakula vya Kithai ni maelezo mafupi ya upishi. Phat ni kukaanga huku ukikoroga, tom ni kuchemsha, thot ni kukaanga katika mafuta mengi, yang ni kuchoma, yam ni kuchanganya kwa ndimu na pilipili, na tam ni kutwanga. Kwa upande wa vitoweo, kai ni kuku, pla ni samaki, kung ni kamba. Msafiri akishika maneno kumi ya namna hii, ubao wa mchuuzi wa kando ya barabara huacha kuwa fumbo. Tom yam kung ni kamba waliochemshwa katika supu ya uchachu na pilipili, yenye manukato ya mchaichai. Khao phat kai ni wali uliokaangwa na kuku. Som tam, saladi ya papai bichi, hutokana na som, "chachu", na tam, "twanga". Na kweli hutwangwa katika kinu kwa mchi, pamoja na kitunguu saumu, pilipili, ndimu, sukari ya mitende na sosi ya samaki, mbele ya macho ya mnunuzi.

Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati ambayo huenda hakuitambua. Katika Kithai, neno linalofafanua hufuata nomino, sawa na katika lugha yetu. Kai yang ni "kuku choma", neno kwa neno, bila kugeuza mpangilio. Mwenzetu aliyezoea nyama choma na mahindi choma hahitaji kupitia Kiingereza ili aelewe. Hata hivyo wengi wetu tukifika huko huomba orodha ya vyakula iliyotafsiriwa, na tafsiri hiyo ndiyo hutuficha kile tulichokifuata. Mtwango hugeuka "saladi", nao ufundi wa mkono ukapotea.

Mfano mwingine ni mchele wenyewe. Kiswahili hutenga maneno matatu: mpunga shambani, mchele dukani, wali sahanini. Kithai hutumia neno moja, khao, kisha hulipambanua kwa kivumishi: khao plueak ni mpunga wenye maganda, khao san ni mchele uliokobolewa, khao suai ni wali uliokwisha kupikwa. Yapo pia khao niao, wali wa kunata, unaopendwa kaskazini na kaskazini mashariki mwa nchi na unaoliwa kwa mkono, ukifinyangwa tonge kama tufanyavyo na ugali. Maelfu ya wageni hulala na kustarehe katika barabara ya Khao San jijini Bangkok bila kujua kwamba wamelala katika "barabara ya mchele", mahali palipokuwa soko la bidhaa hiyo. Jina lipo wazi kwenye kibao. Aliyekosa ni wa kulisoma.

Viambato vya Kuazimwa

Baada ya majina, tuvitazame viambato, kwani ndivyo humponza anayesaka usafi wa asili. Ni nani atakayefikiri mapishi ya Kithai bila pilipili? Ilhali pilipili kali zimetoka bara la Amerika, na aghalabu huaminika kuwa zilifikishwa Asia na Wareno katika karne ya 16. Mjumbe wa Wareno aliwasili Ayutthaya, uliokuwa mji mkuu wa ufalme wa Siam, mwaka wa 1511. Kabla ya hapo, ukali wa chakula ulitokana na viungo kama vile pilipili manga. Kilichotokea katika lugha ndicho cha kustaajabisha. Neno phrik, lililokuwa la pilipili manga, lilinyakuliwa na mgeni, nayo pilipili manga ikalazimika kuitwa phrik thai, "pilipili ya Kithai". Nasi je? Kwetu pia neno pilipili peke yake limekuwa la yule mgeni kutoka Amerika, huku yule mkongwe akibandikwa kivumishi "manga". Pwani mbili za mbali zilimpokea mgeni mmoja, zikatatua tatizo la kumpa jina kwa mbinu ile ile ya kimofolojia.

Papai la som tam nalo ni la Amerika. Neno massaman, jina la mchuzi mzito wenye iliki, mdalasini, karafuu na kungumanga, huelezwa kuwa latokana na neno lenye maana ya Mwislamu, na huhusishwa na wafanyabiashara waliotoka magharibi. Mchuzi huu wa wageni ulipendwa hadi ukaingia katika ushairi wa jumba la kifalme: mwanamfalme aliyekuja kutawala kwa jina la Rama wa Pili, kuanzia 1809 hadi 1824, anatajwa kuwa mtunzi wa utenzi mashuhuri wa kusifu vyakula, ambamo massaman imo. Foi thong, vitamutamu vya nyuzi za dhahabu vitengenezwavyo kwa kiini cha yai na sukari, vina asili ya Ureno na huhusishwa na Maria Guyomar de Pinha, mwanamke mwenye nasaba ya Kijapani na Kireno aliyeishi Ayutthaya wakati wa Mfalme Narai katika karne ya 17.

Na phat thai je, chakula ambacho jina lake lenyewe ladai utaifa? Jina lake kamili hutanguliwa na kuaitiao, neno la Kichina la tambi za mchele. Umaarufu wake ulichochewa na serikali ya Plaek Phibunsongkhram, aliyeshika uwaziri mkuu mwaka wa 1938, na ambaye chini yake nchi ilibadilisha jina kutoka Siam mwaka wa 1939. Chakula cha "jadi" basi kilipata hadhi yake ya kitaifa katika karne ya 20, kwa mkono wa dola, kutokana na tambi za wahamiaji. Isitoshe, uchachu wake hutokana na ukwaju, tunda la mti ambao wanabotania huuhesabu kuwa wa asili ya Afrika. Mkenya anayekula phat thai mjini Bangkok anakutana na ndugu yake wa kale ughaibuni.

Sarufi ya Sahani

Je, tuseme basi kuwa hakuna chakula cha Kithai? La hasha. Kusema hivyo ni sawa na kudai kwamba hakuna Kiswahili kwa sababu "kitabu" ni neno la Kiarabu. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua jibu: lugha yetu ililitwaa neno hilo, ikalichukulia ki- yake kuwa kiambishi cha ngeli, ikatoa "vitabu". Neno ni la kuazima, ila kanuni iliyolitawala ni yetu.

Vivyo hivyo, mapishi ya Kithai yana kanuni. Ladha nne, yaani uchachu, chumvi, utamu na ukali wa pilipili, hupimwa zikapatana, hakuna inayoimeza nyingine. Ndimu au ukwaju huleta uchachu, sosi ya samaki iitwayo nam pla huleta chumvi, sukari ya mitende huleta utamu. Kiambato chochote kigeni kikishapita katika mizani hiyo huwa kimepewa uraia. Katika meza ya muuza tambi utakuta vichupa vinne: sukari, siki yenye pilipili, unga wa pilipili kavu na sosi ya samaki. Mpishi hutoa sentensi, mlaji akaikamilisha kwa kadiri ya ulimi wake. Mgeni asiyevigusa vichupa hivyo amekula chakula ambacho hakijamalizika.

Kuna pia sarufi ya kula. Wasafiri wengi hudai vijiti kwa kila kitu, wakidhani kwamba Asia yote ni moja. Wathai hula wali kwa kijiko katika mkono wa kulia, uma ukitumika kusukumia chakula kijikoni. Vijiti ni vya tambi. Sahani huwekwa katikati, kila mtu akachota kidogo kidogo, kwa maana mlo ni wa jamaa. Hilo halihitaji kufafanuliwa kwa mtu aliyelelewa akila katika sinia moja na wenzake.

Barabara ndiyo Darasa

Ikiwa hoja hii ina mashiko, basi hatari inayokikabili chakula cha Kithai haitoki kwa viambato vya kigeni. Hatari ni kuondolewa mahali ambapo sarufi hiyo huzungumzwa kila siku, nako ni barabarani. Wakazi wengi wa Bangkok hununua chakula kilichokwisha kupikwa, wakakibeba katika vifuko vya plastiki vilivyofungwa kwa mpira. Kwa mfanyakazi wa kima cha chini, kibanda ndicho jiko lake.

Mnamo Aprili 2017, wakuu wa jiji hilo walitangaza nia ya kuwaondoa wachuuzi wa chakula katika barabara kuu. Malalamiko yalipozuka, walifafanua kuwa Yaowarat, mtaa wa Wachina, na Khao San wangebakishwa, chini ya masharti. Ajabu ni kwamba Desemba ya mwaka huo huo mwongozo wa Michelin wa Bangkok ulitolewa kwa mara ya kwanza, na mpishi wa mtaani, Jay Fai, maarufu kwa kimanda chake cha kaa kinachopikwa juu ya makaa, akatunukiwa nyota. Kisha mwaka wa 2024, UNESCO iliiingiza tom yam kung katika orodha ya turathi za kitamaduni zisizoshikika. Hapa pana kitendawili: chakula chatukuzwa katika mabunge ya dunia, huku anayekipika akitakiwa afungashe.

Ni kweli kwamba mpita njia ana haki ya njia, na usafi si jambo la mzaha. Ila Singapore ilionyesha kuwa upo uwezekano mwingine: wachuuzi walihamishiwa katika vituo vyenye maji na mitaro, na utamaduni wa vituo hivyo ukatambuliwa na UNESCO mwaka wa 2020. Kupanga si kufukuza. Jambo la kuogofya katika tangazo la 2017 ni wazo la kuwabakisha wachuuzi pale tu wanapopita watalii. Chakula kinachobakishwa kwa ajili ya mgeni, kikaondolewa kwa mwenyeji, ni kama lugha inayoimbwa katika sherehe na kukatazwa nyumbani. Huweza kupendeza, lakini haikui.

Hitimisho

Kwa msafiri, nasaha ni fupi: jifunze maneno kumi kabla ya kupanda ndege, uketi penye wenyeji wengi, wala usiulize chakula kilitoka wapi kabla ya kuuliza kinapikwaje.

Kwa wana Kiswahili, somo ni zito zaidi. Nasi tuna wachuuzi wanaokimbizana na askari wa jiji, na tuna orodha za hoteli zinazomtafsiri kuku wa kupaka kuwa kuku katika mchuzi wa nazi, zikikiua kitenzi "kupaka" kinachotueleza kwamba mchuzi huo hupakwa juu ya nyama iliyochomwa. Tunao ugali wa mahindi yaliyotoka Amerika na chapati zilizotoka Bara Hindi, wala hakuna Mkenya atakayekubali kuambiwa si vyake. Lakini ni wangapi kati yetu wamekwenda kwa muuza viazi karai, muuza mahamri au mchoma mishkaki wakaandika vitenzi vyake, vipimo vyake na majina ya vyombo vyake? Tasnifu zetu zimejaa uchambuzi wa riwaya. Msamiati wa jikoni na wa kando ya barabara umeachiwa upepo.

Shime basi, tuutoke ukumbi wa mihadhara tukiwa na kalamu na shilingi hamsini. Mchuuzi akihamishwa kesho, ataondoka na karai lake, na maneno yake pia.