Kichwa Kimeumia, Faili Atalifuatilia Nani?

KIJANA aliyevunjika mguu kila mtu anamwona. Ana plasta, ana magongo, hata karani mwenye roho ya jiwe humpa kiti. Lakini yule aliyegonga kichwa? Akitoka wodini Bugando jeraha limefunga, nywele zimeota, anatembea. Kijiweni mnasema kapona. Wiki mbili baadaye anasahau njia ya Mwaloni, hasira zinamwaka bila sababu, pengine anaanguka kifafa. Ndipo mnabadili kauli: mlevi huyo, karogwa, mvivu.

Hakurogwa! Ubongo umeumia, na ubongo ndio unaokumbuka tarehe, unaotunza karatasi na kujibu maswali ya karani.

Sasa tazameni maajabu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilipitishwa mwaka 2008, Mfuko wenyewe ukaanza kazi 2015. Miaka saba walalahoi walisubiri. Sheria si mbaya: aliyeumia kazini atibiwe, alipwe akiwa hawezi kazi, alipwe kwa ulemavu wa kudumu, na anayemhudumia naye apate chake. Mwajiri atoe taarifa ndani ya siku 7. Taarifa isipotolewa ndani ya miezi 12, haki inaweza kupotea.

Miezi 12 kwa mtu asiyejua leo ni Jumatatu au Ijumaa! Bosi wa kiwanda cha samaki akikaa kimya, nani atapiga hodi ofisini? Mama mzee aliyetoka Ukerewe kuja kumuuguza? Akifika peke yake, karani anaona mikono miwili na miguu miwili, anamwambia: "Mbona wewe mzima?"

Na huyo angalau ana bosi. Dereva wa bodaboda ya mtu, au mvuvi katika mtumbwi wa tajiri, ana nini? Tajiri anapokea hesabu kila jioni, lakini siku ya ajali anadai yeye si mwajiri wa mtu. Wakubwa watakutajia ile asilimia 2 ya mikopo ya halmashauri kwa watu wenye ulemavu. Mkopo si fidia. Mkopo unarudishwa, na asiyekumbuka alichokula asubuhi ataurudishaje?

Tunasema wazi. Kila hospitali inayopokea majeruhi wa kichwa iwe na ofisa wa kuanzisha madai mgonjwa angali kitandani. Waliopimwa na daktari kwamba kumbukumbu zimeharibika wasifungiwe mlango kwa kuchelewa. Na Serikali iwaingize bodaboda na wavuvi katika fidia, maana kodi na faini zao haisahau kuzidai.

Lakini msisubiri Dodoma. Mwenzenu akiumia leo, mmoja wenu ateuliwe kubeba faili. Chukueni PF3 polisi na mbaki na nakala. Tunzeni kila karatasi ya hospitali, pamoja na majibu ya picha ya kichwa. Nunueni daftari, mwandike kila siku anachosahau, lini kaanguka, lini kashindwa kazi, ili daktari apate la kuandika. Andikeni majina ya walioshuhudia. Kama aliumia kazini, pelekeni taarifa kwa maandishi kwa mwajiri na kwa Mfuko, mdai nakala igongwe mhuri. Mwajiri akisema "huyu ni kibarua tu", msirudi nyumbani na jibu hilo. Mfuko wenyewe ndio uamue. Kama aligongwa na gari, ulizeni polisi namba ya bima yake. Na siku ya kwenda kwa daktari au karani, asiende peke yake. Yeye atasema "niko poa", kwa sababu hakumbuki kwamba hayuko poa.

Kuchangia jeneza tunajua sana. Tujifunze kumbebea faili aliye hai.