Jukwaa Letu Liko Wapi?

Mwishoni mwa mwaka 2022 tulikuwa Abu Dhabi kumjulia hali dada yetu, mmoja katika wengi waliovuka bahari kutafuta riziki. Siku hizo mchezo wa jukwaani wa nyimbo na ngoma, The Lion King, uliokuwa ukizunguka nchi mbalimbali, ulikuwa umefika Ghuba, katika ukumbi wa Etihad Arena, kisiwani Yas. Tulimchukua mpwa wetu, msichana wa miaka kumi, tukaenda kutazama.

Tuseme kweli: tulikwenda na kinyongo. Mchezo huo, ulioanza mwaka 1997 baada ya filamu ya katuni ya 1994, ni mali ya kampuni ya Kimarekani ya Disney, ile ile iliyosajili maneno "hakuna matata" kuwa alama yake ya biashara ya fulana mwaka 2003. Mwaka 2018 watu wengi walilalamika, na haki yao. (Hata hivyo, huku kwetu muungwana husema "hamna tabu"; hayo ya matata tunawaimbia watalii.)

Lakini twiga walipoingia, nao ni watu juu ya mironjo, miguuni na mikononi, na tembo akapita katikati ya watazamaji, kinyongo kilitutoka. Mchezaji hakufichwa ndani ya mnyama. Uso wake u wazi, kinyago ki juu ya kichwa. Julie Taymor, aliyeuongoza mchezo huo, hakuona haya kujifunza kwa mafundi wa vikaragosi wa Asia.

Bibi mmoja jirani alimwuliza mpwa wetu maana ya wimbo wa ufunguzi. Mtoto akatugeukia, nasi hatukuweza kumsaidia, kwani ni Kizulu. Kiswahili kimo zaidi katika majina. "Mjomba," akanong'ona, "mbona fisi anaitwa Shenzi? Na huyu ngiri, kapumbaa nini?" Akacheka peke yake katika safu nzima. Mtoto huyu, ambaye mama yake humsemesha Kiswahili naye akajibu Kiarabu, usiku ule alijiona tajiri.

Njiani akauliza: "Mjomba, kwetu Unguja tunautazama wapi mchezo wetu?"

Tunawaelekezea swali hilo wakuu wanaohusika na utamaduni. Ikhwan Safaa inapiga taarabu tangu 1905. Pemba ina msewe na kibati. Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Zanzibar, ametuandikia Kivuli Kinaishi na Amezidi, tamthilia ambazo sisi wenyewe hatujabahatika kuziona zikichezwa. Ngome Kongwe hupokea matamasha na wageni kutoka pande zote za dunia. Kilichokosekana ni mtu wa kuwakutanisha wenyeji.

Tunalijua jibu la maofisini: fungu halipo. Mchezo wa kwanza hauhitaji tembo. Iteuliwe tamthilia moja. Waitwe waimbaji, wacheza ngoma na wanafunzi wa skuli zetu. Ichezwe Ngome Kongwe, iende Makunduchi, kisha ipande meli hadi Chake Chake na Wete, kwa kiingilio anachokimudu mvuvi.

Mpwa wetu huja kila likizo, na kila akija huuliza. Nasi kila mara humpeleka Forodhani kula urojo.