Abiria wa Matatu Moja

Wanafunzi wenzangu, kuna wanaosema ati wanasiasa wasiolingana kifikra wakiungana, huo ni unafiki tu. Mimi sikubali. Panda matatu hapa Thika: mmoja atashuka Ruiru, mwingine anaenda hadi Nairobi. Mbona hawagombani?

FORD ilipoanzishwa mwaka 1991, Jaramogi Oginga Odinga alijulikana kwa siasa za mrengo wa kushoto. Kenneth Matiba, aliyerudi mwaka 1992 kutoka matibabuni London, alikuwa tajiri wa mahoteli. Walichotaka wote ni vyama vingi. Tayari Desemba 1991 kifungu cha 2A kilikuwa kimefutwa, kwa hivyo ilibidi wapatane upya. Wapi! Waling'ang'ania usukani, chama kikapasuka. Huku kwetu wengi wakampa Matiba kura, Nyanza ikampa Jaramogi, naye Moi akashinda kwa asilimia 36 hivi.

Kosa halikuwa kuungana. Hawakuulizana mapema nani dereva, na nani anashuka wapi.

Mwaka 2002 Kibaki na Raila waliandikiana mkataba katika NARC, na Kibaki akapata asilimia 62. Lakini mkataba huo ukawa chanzo cha ugomvi. Kufikia kura ya maamuzi ya 2005, mmoja alikuwa ndizi, mwenzake chungwa.