Mvutaji Naye Anastahili Ukweli

Niliacha sigara nikahamia sigara ya kielektroniki, na tangu hapo wataalamu hunihubiria kana kwamba nimeruka majivu nikakanyaga moto. Nawauliza: moto huo uko wapi? Nikotini huleta uraibu, nami sikani. Lakini kinachomuua mvutaji hasa ni moshi wa tumbaku iunguayo, wenye lami na kaboni monoksaidi. Mwaka 2015 taasisi ya afya ya umma ya Uingereza ilikadiria kuwa madhara ya mvuke ni pungufu kwa takriban asilimia 95. Wapo wanaolipinga kadirio hilo, na ni haki yao, mradi walipinge kwa hoja, si kwa vitisho. Maradhi ya mapafu yaliyozuka Marekani mwaka 2019 yangali yakitajwa bila kuelezwa kuwa yalihusishwa zaidi na vitamini E asetati katika vimiminika vya bangi. Mwaka huohuo India ilipiga marufuku sigara za kielektroniki, ikaziacha sigara za kawaida madukani. Je, hiyo ndiyo kinga ya afya? Vijana wasiuziwe mvuke. Hapo sina ubishi. Ila mvutaji mtu mzima akifichwa tofauti hii, huenda akairudia paketi yake.