Njiti hakuwekwa kifuani kwa sababu mashine zimekwisha

Wazazi wa milimani mnaijua baridi ya Juni na Julai. Mbaga, Chome, Suji: ukungu unafika hadi mlangoni na nepi hazikauki. Mtoto aliyetimiza miezi tisa anafunikwa blanketi na anaimudu. Njiti haimudu. Mwili wake hauna mafuta ya kutosha, na blanketi halitengenezi joto, linatunza tu lile lililopo. Ukimfunika mtoto aliyekwisha kupoa, anabaki wa baridi ndani ya blanketi.

Kwa hiyo wauguzi wanamvua nguo, wanambakizia nepi, kofia na soksi, kisha wanamlaza wima katikati ya matiti ya mama, ngozi kwa ngozi, na kumfunga kwa khanga. Hapo ndipo manung'uniko ya ndugu huanza. "Mbona hawakumweka kwenye mashine? Ni kwa sababu sisi ni wa Same?"

Dhana hiyo haikutoka hewani. Huduma ya mama kangaroo ilianza mwaka 1978 Bogotá, Colombia, hospitali ilipokuwa na watoto wengi kuliko mashine za joto. Kwa miaka mingi ilionekana ni ya maskini, tena ya kusubiri: mtoto kwanza akae chumba cha uangalizi hadi atulie, siku kadhaa, huku mama yuko wodi nyingine akiitwa saa ya kukamua maziwa.

Utafiti uliopindua utaratibu huo una mkono wa Tanzania. Shirika la Afya Duniani lilitumia hospitali tano, za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Muhimbili yetu. Waliingizwa watoto 3,211 wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Kundi moja lilifuata utaratibu wa zamani. Kundi la pili, kitanda cha mama kiliingizwa ndani ya chumba cha uangalizi maalumu, na mtoto akawekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, huku wauguzi wakiwahudumia wote wawili mahali pamoja. Dawa, oksijeni na vipimo viliendelea kama kawaida.

Ndani ya siku 28, katika kila watoto 100 wa utaratibu wa zamani walifariki karibu 16. Kwa waliokaa na mama tangu mwanzo walifariki 12. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba wasimamizi walishauri utafiti usimamishwe kabla ya muda. Matokeo yalitoka mwaka 2021, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake. Niseme pia kwamba watoto walioshindwa kabisa kupumua wenyewe hawakuingizwa katika utafiti huo. Hao wanahitaji msaada mwingine kwanza.

Sasa sikilizeni hesabu hii, akina baba hasa. Watoto wa kundi la pili walikaa kifuani takribani saa 17 kwa siku. Saa kumi na saba! Mama aliyetoka kujifungua, pengine kwa upasuaji, anahitaji kula, kuoga, kwenda msalani na kulala. Hawezi peke yake. Katika utafiti, mama alisaidiwa na ndugu aliyemchagua, kama bibi au shangazi. Kifua cha baba nacho kina joto. Kuleta chupa ya uji getini na kuondoka ni msaada, lakini muulizeni muuguzi kama baba au bibi anaweza kupokea zamu. Kama wodi haina nafasi kwa wanaume, bibi aingie.

Kuna na safari. Njiti akizaliwa kwenye zahanati ya mlimani na kupewa rufaa kushuka Same, au kwenda Mawenzi au KCMC kule Moshi, mwombeni muuguzi amfunge kifuani kwa mama kabla gari halijaondoka. Asipakatwe na shangazi kiti cha nyuma ndani ya mablanketi matatu. Uso wake uonekane muda wote, pua isizibwe. Akibadilika rangi au akisita kupumua, mwambieni muuguzi papo hapo.

Jambo la mwisho linatoka Moshi. Tangu mwaka 2000, wauguzi wakunga wa KCMC huwahoji akina mama waliojifungua hapo na kuandika majibu kwenye kumbukumbu za uzazi. Kutokana nazo, watafiti waliona kuwa mama aliyewahi kuzaa njiti ana uwezekano zaidi ya mara mbili wa kuzaa njiti tena. Kwa hiyo ukianza kliniki, mtaje yule wa kwanza, hata kama sasa yuko darasa la nne na anacheza mpira. Na kwenye begi la kujifungulia ongezeni khanga mbili, kofia na soksi za mtoto, na shati la baba lenye vifungo mbele.