Kabla ya Kuvuka Ziwa
Mtu wa miaka hamsini anayetaka kupumzika mwaka mzima nje ya nchi, mahali patulivu pasipomaliza akiba, husikia habari za Nkhata Bay, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, upande wa Malawi. Ni pazuri kweli, lakini ningemwomba akae kwanza Mbamba Bay, huku kwetu Tanzania. Zamani kuteremka kutoka Mbinga, kilometa zipatazo 66 za milima, kulikuwa mateso wakati wa mvua. Leo ni lami. Dagaa na mbasa hutoka ziwani papo hapo, na joto likikuelemea unapanda milima ya Umatengo kwenye baridi, katikati ya mibuni na mashamba ya ngoro yanayoshika udongo mteremkoni. Usichague kwa macho tu. Umri huu una presha na sukari, kwa hiyo ulizia dawa zako mapema. Hospitali za misheni zipo Liuli na Litembo, lakini ni mwendo. Malaria ipo, na kichocho pia, basi usioge ziwani ovyo. Panga chumba mwezi mmoja, tena wa mvua, ndipo uamue kuhusu mwaka.