SARUJI ILIYOGANDA GHALANI

Wasomaji wetu walioko Matiri na kwingineko Mbinga waijua vema habari hii. Mvua hushika tangu Novemba au Desemba hata Aprili, na saruji iliyoletwa kwa lori kutoka Mbeya au Mtwara, ikapita Songea kwa gharama kubwa, hulazwa katika chumba cha shule chenye sakafu ya udongo, ikingoja fedha za nondo. Nondo zikifika, mifuko imeganda. Ndipo fundi asemapo: ipondwe, itiwe katika lenta, nani atajua?

Twalikataa shauri hilo, lakini hatukubaliani wala na wale wautupao mfuko mzima shimoni. Saruji huwa ngumu si kwa kukauka bali kwa kuungana na maji. Sehemu iliyokwisha kuungana na unyevu wa hewa haiungani mara ya pili, hata ikisagwa kama unga. Lakini mara nyingi ndani ya chembe hubaki saruji iliyo hai. Vitabu vya ujenzi hukadiria kwamba saruji ya miezi 3 hupungukiwa nguvu kama asilimia 20, na ya miezi 6 kama 30.

Basi donge livunjikalo kwa vidole lichekechwe, na unga wake utiwe katika zege jipya kama nyongeza, juu ya kipimo kamili cha saruji mpya, wala usihesabiwe badala yake. Unga huo hujaza nafasi baina ya chembe za mchanga, na ile sehemu iliyokwisha kuungana huwa kama chachu, zege likashika upesi zaidi. Lafaa kwa sakafu na vijia vya miguu. Kwa lenta na nguzo, hapana kabisa. Donge gumu kama jiwe lipondwe, lijaze mashimo ya njia.

Lituhusulo sisi watumishi ni daftari. Mtunza ghala huogopa kuandika kwamba mifuko 12 imeharibika, kwa kuwa ataulizwa. Huiandika kuwa mizima, na fundi akapima kwa hesabu ya uongo. Watoto watakaoketi chini ya lenta hiyo hawakuliona daftari, wala kina mama waliobeba mchanga kwa vichwa vyao. Twawaomba wakubwa wa idara waipokee hesabu ya hasara pasipo kumtisha aliyeiandika. Nao watunza ghala waandike tarehe ya kupokewa juu ya kila mfuko, waipange juu ya mbao, mbali na ukuta, na ya zamani itoke kwanza.